Wembe wa Prefe

Watu wa mtaa wetu wa Kimanga wakimkumbuka Prefe huanza na ukarimu wake. Mimi naanza na wembe. Aliuweka kwenye mfuko wa shati, ndani ya karatasi yake, mahali ambapo wanaume wengine huweka kalamu, na kabla hujamaliza kumsalimia alikuwa ameshakuangalia mikononi kama umeshika kitu cha kukatwa. Kwetu Uvira mkuu wa shule ya sekondari huitwa Prefe, na huyu nilifundisha chini yake somo la kompyuta kwa miaka, katika shule ya mabati yaliyotoboka. Nilimpenda, na ninalisema mapema ili mtu asije akanisingizia kwamba nilikuwa na kinyongo naye tangu mwanzo. Lakini leo nikimkumbuka, kinachonipanda kwanza ni hasira, na sioni kwa nini niifiche.

Alikata kila kitu. Chaki ilifika darasani ikiwa nusu. Sabuni ya kunawia walimu ilikuwa nusu, na nusu ile ikaonekana bado ni kubwa, ikakatwa tena. Karatasi za mtihani zilikuwa na fizikia juu na jiografia chini, kisha zinapita kwenye wembe na kila mwalimu anabeba zake. Shemeji yake alimletea tai ndefu kutoka Bujumbura. Prefe akaikata, akashonesha pindo, nusu moja akavaa yeye na nusu ya pili akampa mwalimu wa nidhamu, na Jumatatu wakasimama wote wawili mbele ya bendera na tai zinazoishia kifuani. Sisi walimu tuliuma midomo hadi wimbo wa taifa ukaisha.

Mara nyingine haikuchekesha. Shule ilikuwa na ramani moja ya Kongo, kubwa, ya kitambaa, na madarasa mawili yaliigombania. Prefe akaisawazisha kwa wembe. Darasa la tatu wakabaki na upande wa mashariki, darasa la nne wakapata Kinshasa na bahari. Mwalimu wa jiografia, mzee aliyeitunza ramani ile kuliko nguo zake, aliketi kwenye chumba cha walimu akiwa amekishika kipande chake mapajani na hakufundisha siku hiyo. Tulimwendea Prefe, tukamwambia hili umekosea. Akajibu kwamba sasa kila mtoto ana ramani, na akatutaka turudi madarasani.

Alikuwa na neno lake. Akikuta kitu kizima kwa mtu, mkate, bunda la karatasi, hata kivuli ambacho mtu amekikalia peke yake, aliuliza, "Hii yote ni ya nani?" Aliuliza akiwa ameshachomoa wembe, na jibu lako hakulingoja. Hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa, kama mtu anataka kuujua. Hakuwa mchoyo, wala hakukata ili abaki na kipande kikubwa. Ila hakuwahi kumwuliza mwenye kitu, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna vitu ambavyo vikikatwa havifanyi kazi tena.

Wanaomsifu nao wana haki yao, na sitawanyima. Watu waliposhuka kutoka Rurambo wakikimbia vita, wakiwa wameacha ng'ombe milimani, wengi wetu tulifunga milango tukijifanya hatupo. Prefe aligawa nyumba yake kwa pazia. Familia moja ikapewa upande wenye dirisha, yeye na mkewe wakahamia upande ambao mvua huingia. Bugali ulikatwa katikati mbele ya wageni ili waone kwamba hakuna aliyependelewa. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Prefe, alinihadithia siku moja bombani huku akikamua nguo.

"Madamu, minye nimeolewa na muntu wa nusu-nusu," alisema. "Hata kitanda alitaka kukata. Nikamwambia, kata, lakini weye utalala mu kipande ya miguu."

Alicheka hadi maji yakammwagikia. Wageni wale wa Rurambo wamebaki wanamwita Prefe baba yao hadi leo, na mtu akimsema vibaya mbele yao atajuta.

Sasa nifike kwenye laptopu, maana hasira yangu inatoka huko. Parokia moja rafiki ya Ulaya ilitutumia laptopu za zamani. Zilipita Bujumbura, zikavuka mpaka, zikafika shuleni zimefungwa kwenye mablanketi. Zilikuwa zimefutwa zote. Ukiwasha, kioo cheusi kinakuambia hakuna mfumo wowote wa kuendesha mashini hii, basi. Kimanga imejaa vijana wenye vibanda ambao wangezijaza mfumo wa wizi kwa mchana mmoja, na walimu wengi walitaka hivyo. Prefe akakataa katakata.

"Kitu ya kuiba haiingie mu shule yangu," alisema. "Tutawafundisha watoto dini mu saa ya kwanza, na mu saa ya pili tufungue mashini ya mwizi?"

Nikamwambia kwamba uko mfumo mwingine. Umetengenezwa na watu wa dunia nzima, wameuacha wazi, kila mtu anaruhusiwa kuuchukua, kuunakili, kumpa jirani, hata kuufungua ndani na kuubadilisha. Prefe aliinuka kwenye kiti.

"Ukiugawa haupungue?"

"Haupungui, Prefe."

"Minye nikikupa, wangu iko bado?"

"Upo mzima, na mimi nina wangu mzima."

Akatembea ofisini kwenda na kurudi. Nafikiri ndicho kitu pekee alichowahi kukutana nacho ambacho hakikuhitaji wembe, na kilimfurahisha kama mtoto. Kwenye mkutano wa walimu alikitangaza utadhani amekigundua yeye. Siku ile nilimpenda kabisa.

Mwanafunzi wake wa zamani aliyeko Bujumbura ndiye aliyetuandalia. Alichukua diski ya nje, ya aina ile nzito kidogo, akaweka humo mfumo tayari kwa kuingizwa kwenye mashini, pamoja na vitabu na masomo ya kutosha shule nzima. Msafiri akaileta na kumkabidhi Prefe mkononi. Prefe aliijaribu mwenyewe kwenye kompyuta kubwa ya mezani, ile kuukuu ya ofisi, ikafunguka, akatuita tukaona. Kesho yake akamwita mwanafunzi aniletee diski kwenye chumba cha laptopu. Mwanafunzi huyo ni Riziki.

Riziki alikuwa darasa la mwisho, upande wa biashara. Kwao ni Sange, mama yake analima mpunga, na hapa mjini alikaa kwa shangazi yake. Alikuwa ameshaandikishwa kwa Mtihani wa Serikali, na nyumbani kwao hakuna mtu aliyewahi kufika hapo. Aliniletea diski kwa mikono miwili, imelazwa juu ya kitenge, na akaiweka mezani taratibu kuliko ambavyo mimi ningefanya.

Niliichomeka. Kitaa chake kikawaka, kikazima, kikawaka. Ndani ikaanza sauti, tiki, tiki, tiki, na laptopu ikakaa kimya kama hakuna kilichoingia. Nilizima nikawasha upya, nikabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Orodha ikaleta diski yake ya ndani iliyo tupu na mtandao ambao hatuna. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, nikaondoa ile kufuli inayokataa mfumo wowote usio na muhuri wa watengenezaji wakubwa. Hakuna. Nikabadilisha namna ya kuwaka, kutoka ya kisasa kwenda ya zamani. Hakuna. Nikajaribu tundu la kushoto, la kulia, laptopu ya pili, nyingine tena. Tiki, tiki, tiki.

Prefe akaingia kuona matunda. Akasikia ile sauti, akamgeukia Riziki.

"Weye njo uliileta?"

"Ndiyo, Prefe."

"Uliiangusha wapi?"

"Sikuiangusha, Prefe. Minye niliishika hivi." Akaonyesha mikono yake miwili.

Nikasema, "Prefe, ngoja. Mashini isipoona diski kuna sababu nyingi, na mimi bado natafuta."

"Madamu, sikia ile sauti. Kitu kizima hakilie hivyo. Jana ilifunguka mbele ya macho yangu."

Asubuhi iliyofuata, kwenye paredi, kabla bendera haijapanda, akamtoa Riziki mbele. Siku nyingine zote hotuba zake za paredi zilikuwa kwa Kifaransa. Siku ile alitaka kila mtu amwelewe, hadi watoto wa darasa la kwanza, hadi akina mama wanaouza mandazi kwenye ua.

"Huyu ameharibu kitu ya watoto wote," alisema. "Na anakataa. Muntu anaharibu, kisha anakataa. Haiko wa shule hii tena. Arudi kwao."

Riziki hakulia. Akaenda darasani kuchukua mfuko wake, na tukausikia mlango wa bati. Minibasi za barabara ya Sange zinabeba maneno haraka kuliko abiria. Alipofika kwao, walikuwa wameshaambiana kwamba binti wa fulani amevunja mashini ya Wazungu, wengine wakaongeza kwamba alitaka kuiuza.

Nilikuwa nimekasirika, na hasira haifai kwa kazi ile. Nikatoka nje, nikanawa uso, nikarudi. Nikachukua diski hadi ofisini, nikaichomeka kwenye kompyuta kubwa. Ikafunguka, bila tiki hata moja, vitabu vyote vikajipanga. Nikairudisha kwenye laptopu. Tiki, tiki. Basi diski ilikuwa nzima. Ndani ya diski ya aina ile kuna mota inayozungusha sahani, na mota inataka nguvu. Kompyuta kubwa ina umeme wa kuigawia. Tundu moja la laptopu kuukuu halina. Ndiyo maana diski za aina hiyo huja na waya wenye vichwa viwili, kimoja cha kupitisha data na kingine cha kuongeza umeme tu, na vyote viwili unavichomeka pamoja. Wetu ulikuwa na kichwa kimoja.

Niliugeuza ule waya. Karibu na shingo ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi, vizuri, kama waya zetu zote hapa mjini zinavyozungushiwa, na kwa sababu hiyo sikuwa nimeutilia maanani. Nikaubandua. Chini yake palikuwa na kisiki cha waya wa pili. Kilikuwa kimekatwa mara moja, kimenyooka safi, bila kutafunwa na meno wala kubanwa na koleo.

Sikuhitaji kutafuta mbali. Kwenye dirisha la ofisi ya Prefe, pale unapoingia waya wa paneli ya jua, simu yake ilikuwa inachaji, na ilichaji kwa waya mfupi mweusi, uliofungwa kwa utepe ule ule kwenye pini ya simu, ambao nilikuwa nimepishana nao tangu juzi. Niliichomoa simu, Prefe akiwa ameketi pale pale mezani pake.

"Madamu, telefone yangu."

"Na waya wetu, Prefe."

Nilifanya kazi ile mbele yake, mezani pake, juu ya makaratasi yake. Nikaondoa pini ya simu, nikamenya ncha, nikasokota nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, nikafunga utepe, nikaleta laptopu, nikachomeka vichwa vyote viwili. Kitaa kikawaka na kikabaki kinawaka. Baada ya muda kioo kikafunguka na mfumo ukaniuliza nataka lugha gani.

Prefe akainama kutazama, akatabasamu. Lile tabasamu sijalimeza hadi leo.

"Iko muzuri," alisema. "Endelea na zingine."

"Na Riziki?"

Akanyooka. Akatazama dirishani. "Minye niliona ni vichwa mbili kwa kazi moja. Nikasema hii yote ya nini. Telefone haikuwa na waya."

"Sikukuuliza waya, Prefe. Nimekuuliza Riziki."

"Madamu, weye unajua shule. Prefe akikula neno lake mbele ya watoto, kesho nani atamusikia? Mwaka ujao arudi, pole pole, bila kelele. Nitamupokea."

Nilimwambia niliyokuwa nayo moyoni. Mengine hayaandikiki. Alinisikiliza hadi katikati, akachukua kofia yake, akatoka kwenda kuangalia wanaofagia uwanja.

Nilipanda minibasi hadi Sange kuwaambia ukweli. Mama yake Riziki alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasikiliza habari ya waya hadi mwisho. Kisha akasema, "Madamu, aksanti. Weye unajua, na minye ninajua tangu siku ya kwanza. Lakini korali ya kanisa haijue. Soko haijue. Kule Uvira watoto wote walisikia ameharibu. Sasa arudi pole pole, kama mwizi wamemuhurumia? Hapana." Riziki alikuwa amekaa mlangoni akichagua mchele. Aliuliza kitu kimoja tu, kama laptopu zinafanya kazi. Nikamwambia ndiyo, na nikaona aibu kana kwamba nimemtukana.

Mtihani wa Serikali ukafanyika bila yeye. Wageni wa ile parokia wakaja, wakaona darasa lililojaa watoto wanaoandika, wakampiga Prefe picha amesimama kati ya laptopu na tai yake ya nusu, na akawaeleza kwa ufasaha mkubwa kuhusu mfumo usiopungua ukigawanywa. Nilitoka kabla hajamaliza. Na bado, jioni ya siku ile ile, nilimkuta uani kwake akimwogesha bibi kizee wa Rurambo aliyepooza miguu, kwa sababu binti zake walikuwa shambani. Mtu kama huyo utamweka wapi? Angekuwa mbaya mtupu ningeshamaliza naye zamani.

Najua pia kwamba jambo lile halikumwacha. Alimpa dereva wa minibasi kitenge ampelekee mama yake Riziki. Dereva aliniambia kilikuwa kizima, hakikuguswa na wembe. Mama alimrudishia dereva yule yule, kikiwa bado kimekunjwa. Sikumwuliza Prefe. Tulisalimiana kwa kazi tu hadi alipoacha shule kwa ajili ya uzee.

Vita vilipofika mjini tulikimbilia Burundi, ng'ambo ya mto Ruzizi, tukarudi, kila mtu akatafuta alipoacha maisha yake. Siku moja nilikuwa Sange kununua mchele nikamwona Prefe amesimama pale minibasi zinaposimama, amekonda, koti limemzidi. Vijana wa pikipiki walikuwa wanamwita na yeye anawapungia mkono kukataa.

"Madamu," aliniambia hata kabla ya salamu. "Nyumba ya yule mutoto ni wapi?"

"Hujui?"

"Nilishakuja. Ninafikaka hapa, kisha ninarudi."

Sikumwonea huruma. Nilitangulia, nikamwacha afuate, na njia nzima sikugeuka kumwangalia kama anaweza mwendo wangu.

Uani kwa mama yake Riziki akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakipepeta mchele, majirani wengi, na Riziki kati yao na ungo wake. Alimwona Prefe, akaendelea kupepeta. Hakuna aliyeleta kiti. Prefe akavua kofia, akakohoa, akaanza kwa Kifaransa, kile kizuri cha barua, cha kuomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

"Prefe," Riziki akamkata, bila kupandisha sauti. "Hapa hawasikie Kifaransa. Weye ulinifukuza mu Kiswahili."

Nyungo zikatulia. Prefe alinitazama mimi. Nikatazama mchele.

"Minye njo nilikata ile waya," akasema. "Huyu mutoto hakuharibu kitu. Niliijua, nikanyamaza."

"Sema tena," Riziki akasema. "Mama iko nyuma ya nyumba, hajasikia."

Akavuta pumzi, akasema tena, yote, kwa nguvu, hadi watu wa ua wa pili wakachungulia juu ya ukuta wa matete. Alipomaliza alikuwa anahema. Mama yake Riziki akatokea kwenye kona ya nyumba na mikono yenye unga. Akamwangalia Prefe kuanzia viatu hadi kichwa, akaipangusa mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole.

"Nimesikia," akasema. "Na mwaka wa mutoto wangu iko wapi?"

Prefe akanigeukia tena. Nami sikumtafutia jibu.